Kitenge Juu ya Kalemie

Kavira, kesho usinywe chai.
Mimi siku ile nilikunywa munkoyo.
Binamu yangu wa Kenya (mtaa wa Lubumbashi, si nchi)
alinimiminia vikombe viwili kwa upendo,
na upendo nao hutafuta pa kutokea.

Pale Luano walitupima kama magunia ya mihogo:
mimi na kikapu changu, kilo themanini na moja.
Rubani Mukalayi aliandika kwa kalamu ya risasi,
kisha akauliza bila kuinua uso,
"Mmeshakwenda?"
Bwana Ngoie, mhasibu wa kampuni ya shaba,
akadhani anaulizwa habari za Goma.
"Ndiyo," akasema, "mara tatu."
Mukalayi akanyosha kidole kwenye choo nyuma ya ghala.
Hakuna aliyekwenda.
Tulikuwa watu wa heshima, tumevaa viatu vya safari.

Viti sita. Saa nne na nusu, upepo ukipenda.
Na nyuma, kati ya kamba za mizigo na sanduku la chanjo,
bidoni ya manjano, shingo imekatwa kwa kisu,
ukingo umechomwa moto usikwaruze.
Kila mtu aliiona.
Kila mtu akatazama pengine.

Saa ya kwanza ni ya mtu yeyote.
Saa ya pili nikaanza kuhesabu:
misumari ya bawa, vifungo vya shati la Kambale,
daktari wa ng'ombe aliyelala mbele yangu.
Kila wingu lilinibana mkanda tumboni.
Nikaomba ndege iharibike kidogo,
si sana,
kiasi cha kutua penye majani marefu.

Wanaume wana njia yao.
Kambale aliamka, akajifunika koti,
chupa ya maji ikapata kazi ya pili,
akaifunga kizibo, akaiweka miguuni
kama mtu aliyetoka dukani.
Lakini sisi, Kavira,
yule aliyezichora ndege hizi
mama yake alimzaa akiwa amekaa wapi?

Ndipo Sista Godelive, miaka sabini na moja,
akafungua mkanda wake.
Akamgusa rubani begani:
"Mwanangu, tutafutie hewa isiyo na mashimo."
Mukalayi hakugeuka.
Alikiinua kioo chake kidogo kikatazama dari,
akaishusha ndege polepole mpaka ikateleza
kama kiganja juu ya shuka iliyopigwa pasi.

"Masika, nipe kitenge chako. Shika ncha hii.
Bwana Ngoie, wewe hiyo nyingine.
Mungu aliyetengeneza kibofu
anajua Goma ni mbali."

Mhasibu akashika, mkono unatetemeka,
macho ameyafumba kama mtoto anayenyweshwa kwinini.
"Fumbua," Sista akasema kutoka nyuma ya kitambaa.
"Dirisha liko upande wako."

Akafumbua. Nami nikatazama.
Tanganyika ilikuwa chini yetu,
Kalemie kama chumvi iliyomwagika ukingoni mwa sahani,
na kivuli cha ndege, kidogo kuliko inzi,
kikivuka maji bila kubanwa na chochote.

Kisha zamu yangu. Sitakudanganya.
Magoti yanagongana, bidoni inahama,
na kile ulichokizuia tangu Upemba
sasa kinakataa kutoka.
Sista, ameshika ncha yangu, akaanza kumwuliza Ngoie,
kwa sauti kubwa kuliko injini,
bei ya saruji Lubumbashi.
Naye akajibu, mfuko kwa mfuko,
akaongeza na bei ya mabati,
mpaka nikamaliza.

Goma. Propela ilipotulia tu
mhasibu aliruka, mkoba kifuani,
akakimbilia nyuma ya mawe meusi ya volkeno,
akasimama huko muda mrefu,
mgongo kwetu, uso kwa Nyiragongo.
Aliporudi alikuwa mtu mwingine, mwepesi.
"Mama," akaniuliza, "wale ndege
waliochorwa kwenye kitenge chako ni mbayuwayu?"
Miaka sita ninakivaa, sikuwahi kuangalia.

Chukua, kiweke juu kabisa ya mzigo,
si chini.
Na yule binamu, akikumiminia,
mwambie umefika,
kunywa.